Tarakilishi kuukuu haitupwi: Badilisha diski, lakini nakili kwanza

KATIKA nyanda za majani chai za Kericho na Bomet, hesabu ya mkulima huanzia kwenye mizani ya kituo cha kununulia majani na kuishia ndani ya tarakilishi. Kilo alizopeleka, mbolea aliyokopeshwa, mkopo wa chama cha akiba na bonasi anayoisubiri mwaka mzima, yote ni tarakimu zilizohifadhiwa katika kijisanduku cha chuma kisichozidi ukubwa wa kitabu kidogo.

Kijisanduku hicho ndicho diski kuu. Kikiharibika bila nakala kuwepo, mkulima hubaki na stakabadhi zake za karatasi pekee, iwapo alizitunza.

Ofisi ndogo, shule na vyama vya ushirika huendelea kutumia mashine za miaka kumi au zaidi. Zikianza kusuasua, wazo la kwanza huwa ni kununua mpya. Lakini wahenga walituasa tusiache mbachao kwa msala upitao. Mara nyingi kilichochoka si mashine nzima bali diski, na diski hubadilishwa.

Kwa nini diski huchoka

Diski ya kawaida ni mtambo wenye viungo vinavyosogea. Ndani yake mna sahani zinazozunguka, aghalabu mara 7,200 kwa dakika, na kichwa cha kusomea kinachoelea juu yake bila kuzigusa. Umeme ukikatika ghafla wakati wa kuandika, faili huweza kuvurugika. Katika nyanda hizi zinazojulikana kwa radi na mvua ya mawe ya alasiri, hilo si jambo la kushangaza. Kwa hiyo kifaa cha UPS, kinachompa karani dakika chache za kuzima mashine kwa utaratibu, si anasa.

Dalili za kuchoka ni sauti ya kugonga, faili zinazokataa kufunguka, na mashine kuchukua muda mrefu kuwaka. Aidha, diski hujiwekea kumbukumbu za afya yake, ambazo fundi huzisoma kwa programu ya bure: saa ilizofanya kazi na idadi ya sehemu zilizoharibika. Idadi hiyo ikizidi kupanda, diski ibadilishwe bila kusubiri.

Inunuliwe ipi?

Kosa la kawaida ni kukimbilia ukubwa. Majina ya wakulima na malipo yao ni maandishi na tarakimu tu, navyo havichukui nafasi kubwa. Kinachojaza diski ni picha na video. Kwa ofisi nyingi, gigabaiti 500 zatosha.

Kinacholeta tofauti ni aina ya diski. Zile za SSD hazina sahani wala kichwa, bali huhifadhi data katika vijenzi vya kielektroniki. Diski ya sahani huhitaji takriban milisekunde kumi kulifikia faili. Ya SSD huhitaji sehemu ndogo tu ya muda huo. Ndiyo maana mashine kuukuu huonekana kama imezaliwa upya.

Kabla ya kununua, ifunguliwe mashine itazamwe. Zile za kabla ya 2003 hutumia waya mpana ulio bapa. Mwaka huo ndipo ulipoanza kuenea waya mwembamba wa SATA. Diski mpya ya SATA hufanya kazi hata kwenye SATA ya zamani, ila kwa kasi ndogo kidogo. Tena, mfumo wa zamani wa kugawa diski, MBR, hukomea terabaiti 2. Anayenunua terabaiti 4 kwa mashine ya aina hiyo huenda akalipia nafasi asiyoweza kuitumia.

Seva na mtego wake

Seva hutumia diski mbili au zaidi kwa mpango wa RAID. Katika RAID 1, kinachoandikwa kwenye diski moja huandikwa pia kwenye ya pili, hivyo moja ikifa kazi huendelea. Hapa ndipo wengi hunaswa: mpango huo si nakala ya akiba. Karani akifuta orodha kwa bahati mbaya, hufutika kotekote papo hapo.

Diski za seva hubadilishwa moja baada ya nyingine. Mpya isiwe ndogo kuliko iliyotolewa, na isubiriwe ijazwe kikamilifu kabla ya kugusa ya pili. Seva nyingi hutumia diski za SAS, ambazo hazifanyi kazi kwenye tarakilishi ya SATA.

Utaratibu salama

Hatua ya kwanza si bisibisi, ni nakala. Kanuni inayopendekezwa ni kuwa na nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, moja ikiwa mbali na ofisi. Ofisi ya Litein yaweza kuweka yake mjini Kericho. Kisha nakala ifunguliwe kwenye mashine nyingine, kwani nakala isiyojaribiwa ni matumaini tu. Baada ya hapo ndipo diski nzima ihamishwe kwenye mpya kwa programu maalumu.

Ikumbukwe kwamba diski mpya haiponyi kila ugonjwa. Msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma Oktoba 14, 2025, na mashine nyingi kuukuu hazitimizi masharti ya Windows 11. Zile zinazotumia intaneti zaweza kuhamishiwa Linux, mradi programu za ofisi zinakubali.

Diski iliyotolewa

Sheria ya Taratibu za Kodi ya 2015 humtaka mlipa kodi kutunza rekodi zake kwa miaka mitano. Kwa hiyo diski ya zamani isiharibiwe hadi itakapothibitishwa kwamba kila kitu kimehamia salama.

Wala isiuzwe hivi hivi. Kufuta faili au kufomati kwa haraka huondoa fahirisi tu; data yenyewe hubaki na huweza kufufuliwa. Majina, nambari za vitambulisho na akaunti za wakulima ni data inayolindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Diski ya sahani iandikwe upya yote au itobolewe; ya SSD ifutwe kwa amri maalumu ya mtengenezaji.

Diski hununuliwa dukani siku yoyote. Hesabu ya kilo alizochuma mkulima mwaka mzima haiuzwi popote.