Mwisho wa Injili ya Marko: Uhakiki wa Matini na Imani ya Mkristo wa Leo

1.0 Utangulizi

Aya 12 za mwisho za Injili ya Marko (16:9–20) hutajwa mara nyingi katika mahubiri yanayohusu ubatizo, uponyaji na kunena kwa lugha. Hata hivyo, wataalamu walio wengi wa Agano Jipya wanakubaliana kwamba aya hizo hazikuandikwa na mwandishi wa Injili hiyo, bali ziliongezwa baadaye. Makala haya yanaeleza ushahidi wa hitimisho hilo, kisha yanabainisha ni kwa kiasi gani linagusa imani ya Mkristo wa leo. Hoja kuu ni kwamba maswali matatu hayana budi kutenganishwa: aya hizo ziliandikwa na nani, je, ni sehemu ya Maandiko Matakatifu, na zitumikeje kanisani. Uhakiki wa matini hujibu swali la kwanza tu, ila jibu lake haliwezi kupuuzwa na anayejibu mawili yaliyosalia.

2.0 Ushahidi wa Hati za Kale

Hati mbili za Kigiriki za karne ya 4, yaani Kodeksi Vaticanus na Kodeksi Sinaiticus, zinaikomesha Injili ya Marko kwenye 16:8, pale wanawake wanapokimbia kutoka kaburini kwa hofu. Katika karne hiyohiyo, Eusebio wa Kaisaria alieleza kwamba nakala zilizo sahihi ziliishia hapo. Yeronimo naye alitoa taarifa inayofanana na hiyo, ingawa aya hizo zimo katika tafsiri ya Kilatini ya Vulgata.

Kwa upande mwingine, hati nyingi mno za Kigiriki, ikiwemo Kodeksi Alexandrinus ya karne ya 5, zina aya zote 12. Aidha, Ireneo alizijua mnamo mwaka 180, kwa kuwa alinukuu 16:19 kama maneno ya Marko. Kwa hiyo, nyongeza hii ni ya kale kuliko hati zinazoikosa. Zaidi ya hayo, Kodeksi Bobbiensis ya Kilatini ina mwisho mwingine ulio mfupi, na Kodeksi Washingtonianus ina maneno ya ziada baada ya aya ya 14. Kuwapo kwa miisho tofauti kunadokeza kwamba wasomaji wa mwanzo waliiona Injili hii kuwa imekatika, wakatafuta namna ya kuikamilisha.

3.0 Ushahidi wa Lugha na Masimulizi

Matini yenyewe inatoa ushahidi wa aina nyingine. Aya ya 8 inahusu wanawake, lakini aya ya 9 inamrukia Yesu ghafla, tena katika Kigiriki bila kumtaja kwa jina. Maria Magdalena anatambulishwa kama mtu mgeni, ilhali amekwisha kutajwa katika 15:40, 15:47 na 16:1. Siku ya kwanza ya juma inatajwa kwa maneno ya Kigiriki yaliyo tofauti na yale ya aya ya 2. Vilevile, ahadi ya aya ya 7, kwamba wanafunzi watamwona Yesu Galilaya, haisimuliwi kutimia mahali hapo.

Hitimisho hili halikupokelewa bila upinzani. John William Burgon, mwanazuoni wa Kianglikana, alichapisha kitabu kizima cha kuzitetea aya hizo mwaka 1871. Muongo mmoja baadaye, mwaka 1881, Westcott na Hort walitoa matini ya Kigiriki iliyozihesabu kuwa si sehemu ya Injili ya awali. Matoleo ya kitaalamu ya leo huzichapisha ndani ya mabano mawili: hayazifuti, wala hayazipi hadhi sawa na aya zinazozitangulia.

4.0 Athari kwa Imani

Imani katika ufufuko haisimami juu ya aya hizi. Tangazo kwamba Yesu amefufuka limo katika 16:6, na orodha ya waliomwona imo katika 1 Wakorintho 15:3–8, waraka ulioandikwa kabla ya Injili ya Marko.

Suala la ubatizo linahitaji uangalifu zaidi. Katekisimo Ndogo ya Martin Luther ya mwaka 1529, ambayo wanafunzi wa kipaimara wa KKKT hufundishwa hadi leo, inaitegemea 16:16 inapoeleza faida za ubatizo. Hata hivyo, katekisimo hiyo inataja pia Mathayo 28 na Tito 3. Fundisho halikujengwa juu ya nguzo moja.

Hali ni tofauti katika 16:18, panapotajwa kushika nyoka. George Went Hensley, mhubiri wa Marekani, aliifanya aya hiyo kuwa agizo la ibada mwanzoni mwa karne ya 20. Mwaka 1955 aliumwa na nyoka ibadani huko Florida, akakataa matibabu, akafariki. Hapa fundisho lilikosa nguzo nyingine, na gharama yake ilikuwa uhai.

Kuhusu hadhi ya aya hizo, makanisa hayana jibu moja. Mtaguso wa Trento mwaka 1546 uliyapokea Maandiko pamoja na sehemu zake zote kama yalivyo katika Vulgata. Hivyo Mkatoliki anaweza kukubali kwamba si Marko aliyeandika, na bado akazisoma kama Neno la Mungu. Kinyume chake, Tamko la Chicago la mwaka 1978 linafungamanisha uvuvio na matini ya asili. Anayelishika tamko hilo ndiye mwenye haja kubwa zaidi ya uhakiki, kwa kuwa bila uhakiki hawezi kujua matini ya asili ni ipi.

5.0 Hitimisho

Imebainika kwamba uhakiki wa matini hauondoi imani, bali unaonyesha uzito ambao kila aya inaweza kuubeba. Mhubiri aliyejifunza jambo hili chuoni kisha akalinyamazia mimbarani hawalindi waumini wake. Anawaachia kuligundua peke yao, pengine katika mazingira ya kejeli. Kusoma 16:9–20 kama ushuhuda wa kale wa Kanisa, na kutojenga juu yake pekee fundisho lolote linalohatarisha uhai, ni msimamo unaoheshimu ushahidi na imani kwa pamoja.