Upanga Usiomgusa Mtu

Mwulize mtu aliyetazama filamu ya Kirusi ya Battleship Potemkin onyesho la ngazi za Odessa linaishaje, naye atakujibu bila kusita kwamba askari anamkata mwanamke mzee usoni kwa upanga. Lakini irudishe filamu nyuma, uisimamishe kila picha inapobadilika, uitazame kwa utulivu. Hakuna shoti hata moja ambamo upanga unamgusa mtu. Kuna uso wa askari aliyekunja ndita, mkono ukishuka kwa nguvu, katika vipande vifupi vinavyofuatana upesi. Kisha kuna uso wa mwanamke, kioo cha miwani kimepasuka, damu inachuruzika kutoka jichoni, kinywa wazi. Wawili hao hawaonekani pamoja katika picha. Pigo lenyewe limepigwa ndani ya kichwa cha mtazamaji, naye anaondoka akiapa kwamba aliliona. Kwa sababu hiyo nashikilia kwamba onyesho zito la filamu halijatazamwa sawasawa mpaka litazamwe shoti kwa shoti. Mara ya kwanza tunajua tulichohisi. Ni pale tunapokihesabu kipande kimoja kimoja ndipo tunapojua tulipewa nini.

Shoti ni kipande cha picha kisichokatwa, kuanzia mkato mmoja hadi mwingine. Mwongozaji wa filamu hii, Sergei Eisenstein, alikuwa na umri wa miaka 27 alipoitengeneza mwaka 1925, kuadhimisha miaka 20 ya machafuko ya 1905, wakati mabaharia wa meli ya Potemkin walipoasi baada ya kulazimishwa kula nyama iliyooza. Filamu haina sauti za wahusika, maneno machache tu yanaandikwa kwenye skrini, hivyo kila kitu lazima kibebwe na picha. Eisenstein aliamini kwamba shoti mbili zikigonganishwa huzaa maana ya tatu ambayo haimo katika yoyote kati yake. Nadharia hiyo ni rahisi kuikariri darasani, ila uzito wake unaonekana pale ngazini.

Onyesho linaanza kwa furaha. Watu wa mji wa Odessa wamekusanyika kuwapungia mkono mabaharia: bibi mwenye mwavuli mweupe, mtu asiye na miguu, mama na mwanawe. Yanaandikwa maneno mawili, "Na ghafla", na mara tunaona kichwa cha mwanamke kikitikisika kwa karibu mno, nywele zikimrukia usoni, katika vipande vifupi hata jicho haliwahi kuvishika. Askari bado hatujawaona. Tumepewa hofu kabla ya kupewa sababu yake, kama mtu anayesikia mayowe ya majirani kabla hajajua moto uko nyumba gani. Kisha umati unaporomoka, askari wanashuka nyuma yake kwa mstari ulionyooka, na kuanzia hapo zinapokezana picha za aina mbili: ya mbali yenye watu waliotawanyika kama siafu waliomwagiwa maji, na ya karibu yenye uso mmoja, mkono mmoja, goti moja linalolegea. Askari hawapewi nyuso. Wanapewa migongo, bunduki na buti zinazoshuka kidato baada ya kidato. Nyuso zote ni za wanaokufa, mpaka yule mwenye upanga mwishoni.

Ukipima muda utagundua jambo jingine. Ngazi hizo zina vidato 192, na mtu anayekimbia kuokoa roho yake angezimaliza upesi. Kwenye filamu mbio hizo zinachukua dakika kadhaa, kwa sababu mhariri anarudi tena na tena kwenye mwendo uleule na kuuonyesha kutoka pembe nyingine. Jambo hili si geni kwetu. Msimulizi wa ngano anayesema shujaa akaenda, akaenda, akaendaaa, anaurefusha mwendo kwa sauti ili msikilizaji aichoke njia pamoja na msafiri. Eisenstein anafanya hivyo kwa mkasi.

Katikati ya mteremko huo kuna mama mmoja anayepanda. Mwanawe amepigwa risasi na kukanyagwa na watu wanaokimbia. Anamwinua mikononi na kurudi juu, peke yake, kuwaelekea askari. Shoti zote zilizotangulia zimetuzoesha kuona watu wakishuka, kwa hiyo hatua zake chache za kupanda zina nguvu kuliko hotuba. Halafu vivuli vya askari vinalala juu ya vidato na kumfikia yeye kabla askari wenyewe hawajafyatua risasi.

Hapa wapo watakaosema tunampa mwongozaji akili ambayo huenda hakuwa nayo, kwamba vivuli vilitokea tu kwa kuwa jua lilikuwa upande ule. Pingamizi hili lina haki yake, maana si kila kitu katika filamu kilipangwa. Ila uchambuzi wa shoti haudai kusoma moyo wa mtu. Vivuli vimo, vinatangulia, vinamfunika mama, na kipande hicho kimeachwa baada ya vingine vingi kukatwa. Ushahidi uko kwenye skrini, na yeyote anaweza kwenda kuukagua. Wengine huhofu kwamba ukiipasua sanaa vipande utaua utamu wake. Mimi naona kinyume. Anayejua mizani za shairi hamfurahii malenga kidogo kuliko asiyezijua.

Pingamizi zito ni la ukweli. Mwaka 1905 watu wengi waliuawa Odessa, hasa usiku, katika ghasia za bandarini na mitaani. Mauaji ya mchana kweupe ngazini, kwa mpangilio huu tunaouona, ni utungo wa filamu. Hata hivyo utungo huo umeingia katika kumbukumbu za watu kiasi cha kushika nafasi ya historia, na ngazi zenyewe leo huitwa Ngazi za Potemkin. Je, tusiilaumu filamu badala ya kuisifu? Nadhani inawezekana kukiri mambo yote mawili. Serikali zilizoiogopa, ikiwemo Uingereza iliyoizuia kwa umma hadi mwaka 1954, zilitambua nguvu yake, lakini kuificha hakumfundishi mtu namna nguvu hiyo inavyofanya kazi. Anayefundishwa ni yule anayeketi na kuhesabu mikato. Na leo, tunapotumiana kwa simu video za sekunde ishirini zilizokatwa na mtu tusiyemjua, zoezi hilo lina kazi nje ya jumba la sinema pia.

Odessa kwenyewe, ngazi hizo zilijengwa pana zaidi chini kuliko juu. Aliye juu akitazama chini haoni vidato, anaona sakafu za kupumzikia tu. Aliye chini akitazama juu anaona vidato vitupu. Juu ya ngazi hizo ndipo mama wa pili anapopigwa risasi, anashika tumbo, anaanguka, na mgongo wake unakisukuma kigari cha mtoto. Kigari kinateremka kati ya maiti, kijana mwenye miwani anapiga kelele tusizozisikia, magurudumu yanaruka kidato kwa kidato. Tunakiona kikianza kupinduka, kisha picha inakatwa na kuja uso wa askari mwenye upanga. Kigari hakirudi tena.