F41.2 kwenye fomu ya bima ina maana gani?

Mama mmoja alirudi kliniki ameshika fomu ya bima ya binti yake wa kidato cha tatu. Alikuwa ameizungushia kalamu F41.2. "Dokta, nimeambiwa F ni ya vichaa. Kweli?"

Si kweli. F ni sura nzima ya afya ya akili na tabia katika toleo la 10 la orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani. Hata aliyeshindwa kuacha sigara yumo, F17.

F41.2 huandikwa wasiwasi na sonona vinapokuja pamoja, lakini hakuna kilicho kikali kiasi cha kusimama peke yake. Vikiwa vikali vyote, kila kimoja hupewa namba yake. Toleo la 11, lililoanza kutumika Januari 2022, limeihamishia hali hii kwenye kundi la sonona na kuipa 6A73. Kwa hiyo usishtuke karatasi mbili zikitofautiana.

Kinachonikera ni sisi madaktari kunakili namba ile ile kila ziara, mtoto huku anazidi kudidimia. Mzazi, uliza: "Bado ni hii?" Na akisema anatamani kufa, usingoje tarehe ya kliniki. Mlete siku hiyo hiyo, wala usimwache peke yake.

Mama yule aliuliza amwambie nini mwalimu. Nikamjibu, namba hahitaji kuijua. Amwombee tu binti ruhusa ya kutoka darasani moyo unapomwenda mbio.