Skrini ya kompyuta imeingia unyevu? Usifute ujumbe wa malipo
Hapa Tuwan, Kitale, msimu wa mvua na baridi, mvuke wa jikoni unaweza kushika ndani ya skrini ya kompyuta. Ukiona ukungu au madoa, izime, chomoa waya, na usiikaushe karibu na jiko. Usiifungue wala kumpa fundi wa mtaani kwanza. Waranti inaweza kukataliwa.

Ipeleke dukani mapema na karatasi ya waranti. Risiti imepotea? Kama ulilipa kwa simu, tafuta ule ujumbe: una namba ya muamala, tarehe, kiasi na jina la duka. Uliufuta? Omba taarifa ya akaunti.

Kumbuka, waranti nyingi hazilipii maji yaliyomwagika. Na anayekuomba PIN ili “akusaidie” ni tapeli.