Magongo Mkononi, Ulaya Utaiona Tu!

MITAANI kwetu kuna dhana kwamba safari ya Ulaya ni ya wenye miguu mizima. Ukionekana na magongo, au umekalia kiti cha magurudumu, ukasema unataka kuzunguka nchi mbili tatu kule majuu, utaambiwa: "Wewe tulia bwana, utawasumbua wenzio bure." Na wapo wanaotulia kweli, huku nauli wanayo.

Huko ni kujinyima, mpenzi msomaji. Ulaya inafikika. Tofauti yako na mwenzio ni kwamba yeye anaweza kulipua safari, wewe huwezi. Kila unapobadili chombo au mji, lazima kuwe na mtu aliyeambiwa mapema kuwa unakuja.

Kwa hiyo kitu cha kwanza, punguza vituo. Achana na wale wanaokimbia nchi saba kwa siku kumi. Wewe chukua tatu, kila moja siku nne. Mji mmoja ukiutoa kwenye ratiba, umejiondolea hoteli moja ya kukagua, stesheni moja ya kupiga simu, na ngazi usizozijua idadi yake.

Viza nayo inataka hesabu. Nchi 29 zinatumia viza moja ya Schengen, na unaiomba kwenye nchi utakayokaa siku nyingi zaidi. Siku zikilingana, unaomba ile utakayoingilia. Tangu Juni 2024 ada ni euro 90 kwa mtu mzima, na lazima uwe na bima ya matibabu isiyopungua euro 30,000. Hapo kwenye bima fungua macho: uliza kama inalipia tatizo ulilonalo tayari. Maombi yanapokewa kuanzia miezi sita kabla ya safari. Uingereza na Ireland hazimo humo, hivyo ukitamani na London, jua unaongeza foleni nyingine ya viza.

Tuje kwenye ndege. Usiishie kusema "nina shida ya mguu", maana wenzetu wana lugha yao. WCHR ni abiria anayepanda ngazi ila hawezi mwendo mrefu. WCHS hawezi ngazi, lakini ndani ya ndege anajikongoja mwenyewe hadi kitini. WCHC ni wa kusaidiwa mpaka kwenye siti, na baadhi ya mashirika yatataka awe na msaidizi. Taja herufi zako unapokata tiketi, na kwa vyovyote isipungue saa 48 kabla ya kuruka. Katika viwanja vya Umoja wa Ulaya msaada huo ni bure kwa sheria ya mwaka 2006, kwa hiyo usimwogope mtu. Ukisafiri na kiti cha betri, sema ni betri ya aina gani na kiti kina uzito gani. Beba na adapta, maana plagi zetu za pini tatu bapa haziingii kwenye soketi za kule.

Kwenye treni za nchi za Umoja huo, kanuni inayotumika tangu Juni 2023 inataka taarifa ya saa 24. Wewe toa mapema zaidi, kisha ufike stesheni kabla ya muda mliokubaliana.

Unataka mfano wa njia? Ingilia Paris, pitia Luxembourg, malizia Vienna. Kata tiketi ya ndege ya kuingilia mji mmoja na kutokea mwingine, usije ukarudi ulikotoka bure. Paris ni mrembo mwenye maringo: katika treni zake za chini ya ardhi, laini namba 14 ndiyo pekee isiyo na kikwazo mwanzo hadi mwisho. Zoea mabasi. Mnara wa Eiffel utaishia ghorofa ya pili kama uko kwenye kiti. Lakini jumba la makumbusho la Louvre ni bure kwako na kwa msaidizi wako, mradi uwe na cheti cha kuthibitisha.

Toka Paris kuna treni ya moja kwa moja hadi Luxembourg, mji ulioshinda mwaka 2022 tuzo ya Ulaya ya miji inayofikika na watu wenye ulemavu. Huko tangu 2020 basi, tramu na treni ni bure kwa kila mtu! Kisha ruka hadi Vienna, mshindi wa 2025, ambako stesheni za treni za chini ya ardhi zina lifti.

Sasa hoteli, hapa ndipo wengi wanapolizwa. Ukiambiwa "lifti ipo", usishangilie. Zipo hoteli kongwe ambazo lifti yenyewe unaifikia kwa kupanda ngazi tano! Uliza mlango una sentimita ngapi, na bafuni kuna shawa ya kuingia moja kwa moja au sinki la kurukia. Omba picha. Barabara ya mbele nayo ulizia, maana mitaa ya kale imetandikwa mawe yanayotikisa mpaka meno.

Haya, kazi kwako. Shika kalamu kabla hujashika pasi. Na yule aliyekwambia utulie, mletee zawadi.