Uchaguzi wa Draiva na Fimbo za Chuma kwa Kuzingatia Mzungusho wa Mchezaji wa Gofu

1.0 Utangulizi

Kanuni za gofu humruhusu mchezaji kubeba fimbo zisizozidi 14. Sehemu kubwa ya gharama ya seti hiyo huenda kwenye draiva, yaani fimbo ndefu ya kuanzia shimo, na kwenye fimbo za chuma, ambazo huupeleka mpira hadi kwenye nyasi fupi zinazozunguka tundu. Kwa kawaida mambo matatu huongoza ununuzi wa fimbo hizo: jina la mtengenezaji, fimbo zinazoonekana mikononi mwa mabingwa, na hendikapu ya mnunuzi. Makala haya yanashikilia kwamba hakuna hata moja kati ya hayo linaloeleza namna fimbo inavyokutana na mpira, na kwamba uchaguzi wenye mashiko huanzia kwenye mkutano huo.

Suala hili si la fedha peke yake. Mchezaji aliyepewa fimbo isiyomfaa huanza, bila kujitambua, kuupinda mwili wake ili kuifuata fimbo. Atasogeza miguu, atainua mikono au atafungua bega ili mpira uende anakotaka. Baada ya misimu miwili kasoro ya chombo huwa imekwisha kuhamia mwilini, na mwalimu hukabidhiwa kazi ya kurekebisha mzungusho ambao chanzo chake kilikuwa dukani.

Mgongano wa fimbo na mpira huchukua chini ya nusu ya sehemu moja ya elfu ya sekunde. Katika muda huo mpira hupokea kila kitu utakachosafiri nacho: kasi, pembe ya kuruka, mwelekeo na mzunguko. Vitu hivyo hutegemea kasi ya kichwa cha fimbo, mahali mpira ulipogusa usoni mwa fimbo, mwelekeo wa uso huo, njia ya kichwa, na kile kitakachoitwa hapa pembe ya ujio, yaani kama kichwa kinashuka au kinapanda kinapoufikia mpira.

2.0 Draiva

Takwimu za rada zilizochapishwa na kampuni ya TrackMan ya Denmark, ambazo zimetumika sana katika mafunzo ya gofu, zinaonyesha tofauti yenye kufikirisha. Wachezaji wa kulipwa wa kiume katika mashindano ya PGA Tour walikuwa na wastani wa kasi ya kichwa cha draiva wa takribani kilomita 182 kwa saa, na pembe ya ujio ya kushuka kwa nyuzi 1.3. Wanawake wa LPGA walikuwa na wastani wa takribani kilomita 151 kwa saa, lakini fimbo zao zilipanda kwa nyuzi 3. Mipira ya wanaume iliruka kwa pembe ya karibu nyuzi 11, na ya wanawake kwa nyuzi 13 hivi.

Maana yake ni kwamba mwenye kasi ndogo huhitaji kuurusha mpira juu zaidi ili ukae hewani muda wa kutosha. Wanawake hao hufidia upungufu wa kasi kwa kuupiga mpira fimbo ikiwa inapanda. Mwanamume wa kawaida wa klabu, ambaye kasi yake iko karibu zaidi na ya LPGA kuliko ya PGA Tour, angefaidika zaidi kwa kuwatazama wanawake hao. Badala yake huwatazama wanaume wa televisheni, kisha hununua draiva yenye mwinamo mdogo wa uso, nyuzi 9 au pungufu, kwa imani kwamba mwinamo mdogo ni dalili ya nguvu.

Wachukuliwe wachezaji wawili wenye kasi ileile ya kilomita 150 kwa saa na draiva ileile yenye mwinamo wa nyuzi 10.5. Wa kwanza huufikia mpira fimbo ikipanda kwa nyuzi 4, wa pili ikishuka kwa nyuzi 3. Mpira wa wa kwanza utapaa vizuri na kuzunguka kwa kiasi. Wa pili hujikuta katika hali ngumu: ushukaji huupunguza mwinamo unaoukabili mpira, hivyo mpira huondoka chini. Akijaribu kuunyanyua kwa mikono, tofauti kati ya mwinamo na njia ya fimbo hukua, na mzunguko wa kurudi nyuma huongezeka nayo. Mchezaji huyu huhitaji mwinamo mkubwa zaidi, labda nyuzi 12. Akiweza, ni afadhali kwanza ausogeze mpira mbele kidogo katika msimamo wake na kuuinua juu ya kijiti. Hatua hiyo haina gharama, nayo inapaswa kutangulia ununuzi wowote.

Kigezo cha pili, ambacho husahauliwa mara nyingi, ni mahali pa mgongano. Kitovu cha uzito cha draiva kipo nyuma sana ya uso wake. Mpira unapoguswa nje ya katikati, kichwa hujizungusha na kuupa mpira mzunguko wa upande wa pili, mithili ya meno ya magurudumu mawili yanayosukumana. Ndiyo sababu uso wa draiva hutengenezwa ukiwa umebinuka kidogo badala ya kuwa bapa. Jambo hilohilo hutokea kwa wima: mpira uliogusa sehemu ya juu ya uso hupaa zaidi na kuzunguka kidogo, na uliogusa sehemu ya chini huruka chini na kuzunguka sana. Mchezaji ambaye mipira yake huzunguka kupita kiasi anaweza kuambiwa anunue kichwa kipya chenye mzunguko mdogo, ilhali tatizo lake ni kwamba anapiga kwa sehemu ya chini ya uso. Poda ya miguu ya kunyunyizia, ikipakwa usoni mwa fimbo kabla ya mapigo kumi, huacha alama zinazoonyesha ukweli huo bila mashine yoyote.

Urefu wa mpini unahusiana moja kwa moja na alama hizo. Kanuni huruhusu draiva ya hadi inchi 48, na tangu 2022 waandaaji wa mashindano ya ngazi za juu wanaweza kuweka kikomo cha inchi 46. Mpini mrefu huongeza kasi, lakini huzitawanya alama usoni. Kwa mchezaji ambaye alama zake zimetapakaa, kupunguza inchi moja kunaweza kumpa umbali zaidi, kwa kuwa kasi inayopotea ni ndogo kuliko hasara ya kupiga nje ya katikati. Ama kuhusu ugumu wa mpini, herufi R, S na X zilizochapishwa juu yake hazina kipimo cha pamoja kati ya watengenezaji. S ya kampuni moja inaweza kuwa laini kuliko R ya nyingine. Kwa hiyo uzito wa mpini, ambao hupimika kwa gramu, ni mwongozo wa kuaminika zaidi kuliko herufi.

3.0 Fimbo za Chuma

Katika fimbo za chuma lengo hubadilika. Kinachotakiwa ni umbali unaotabirika na mpira unaotua kwa mwinuko wa kutosha kusimama, si umbali mkubwa kuliko wote. Hapa ndipo namba zilizochongwa kwenye fimbo zinapopotosha. Katika miaka ya 1970 fimbo namba 7 ilikuwa na mwinamo wa nyuzi 36 au zaidi, na leo zipo namba 7 zenye mwinamo chini ya nyuzi 30. Mnunuzi anayezilinganisha fimbo mbili za namba moja, na kufurahi kwamba mpya inapeleka mita 15 zaidi, huenda analinganisha namba 7 na namba 5 ya zamani.

Watengenezaji wanayo hoja ya kujitetea. Karsten Solheim, mwanzilishi wa PING, alikuwa miongoni mwa waliouhamishia uzito wa kichwa kwenye kingo zake, na vichwa vya namna hiyo hutulia zaidi mpira unapoguswa pembeni. Kitovu cha uzito kikishushwa, mpira hupaa hata kwa mwinamo mdogo. Hata hivyo, hoja hiyo humfaa mwenye kasi. Kwa mwenye kasi ndogo, fimbo ndefu za seti hiyo hufikia umbali mmoja. Iwapo namba 4 na namba 5 zinaangusha mipira mahali pamoja, namba 4 haina kazi mfukoni, na nafasi yake ichukuliwe na fimbo chotara yenye kichwa kipana.

Pembe ya ulalo, yaani pembe kati ya mpini na ardhi, ndicho kipimo kinachopuuzwa zaidi, ingawa marekebisho yake ni ya gharama nafuu. Ncha ya kichwa ikiwa juu wakati wa mgongano, uso huelekea kushoto kwa mchezaji wa mkono wa kulia, na kosa hukua kadiri mwinamo unavyoongezeka. Kwa fimbo yenye mwinamo wa nyuzi 34, hitilafu ya nyuzi 4 huugeuza uso kwa karibu nyuzi 2.7. Katika umbali wa mita 140 hiyo ni takribani mita 6. Kwa draiva hitilafu hiyohiyo haifikii nyuzi moja. Hivyo mchezaji anayepiga draiva sawasawa lakini fimbo zake fupi zikaenda kushoto daima, ana sababu ya kuishuku pembe ya ulalo kabla ya kuushuku mzungusho wake. Urefu wa mtu peke yake hautoshi kuamua. Mstari wa wima uliochorwa kwa kalamu ya wino mzito kwenye mpira, ukielekezwa usoni mwa fimbo, huacha alama iliyoinama iwapo pembe si sahihi.

Aidha, anayeingia kwa mshuko mkali na kuchota udongo mwingi huhitaji kichwa chenye sehemu pana ya chini, isiyozama. Anayefagia nyasi bila kuzikata hufaa zaidi kwa sehemu nyembamba.

4.0 Mwinuko wa Uwanja

Vipimo vya mchezaji huchukuliwa mahali maalumu, na mahali hapo huingia katika matokeo. Nairobi iko takribani mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, ambako msongamano wa hewa ni pungufu kwa karibu asilimia 15 ukilinganishwa na Mombasa au Dar es Salaam. Hewa nyepesi hupunguza ukinzani, hivyo mpira husafiri mbali zaidi. Lakini hupunguza pia nguvu inayounyanyua, na mpira unaopinda hupinda kidogo. Mchezaji aliyepimwa Nairobi anaweza kuonekana hana tatizo la mpindo, kisha akafika pwani na kuikuta mipira yake msituni. Pembe ya ujio, alama za poda na pembe ya ulalo hazibadiliki kwa mwinuko. Umbali na mpindo hubadilika, kwa hiyo mapengo ya umbali kati ya fimbo za chuma yanapaswa kupimwa upya katika uwanja ambao mchezaji huutumia zaidi.