Basenji na Kipimo cha Vinasaba

Basenji ni mbwa wa kuwindia kutoka misitu ya Kongo: mdogo wa umbo, masikio wima, mkia umejikunja mgongoni, na habweki kama wenzake. Wawindaji humvalisha shingoni kengele ya mbao ili wamfuatilie vichakani. Katika miaka ya 1930 Waingereza walifanikiwa kumfuga kwao, na mwaka 1937 akaonyeshwa katika maonyesho ya Crufts, London. Waliosafirishwa walikuwa wachache mno, na kwa miaka 50 hivi karibu basenji wote wa Ulaya na Marekani walitokana na hao.

Balaa lilianzia hapo. Mbwa hurithi jeni mbili mbili, moja kwa baba na moja kwa mama. Magonjwa mengi ya kurithi hayajitokezi mpaka jeni mbovu zikutane mbili. Ikiwa moja tu, mbwa huwa mzima lakini huirithisha. Wakipandishwa ndugu, kukutana huko huwa rahisi. Ukaribu wa damu hupimwa kwa asilimia: kwa watoto wa dume na jike waliochangia baba na mama ni 25, kwa watoto wa binamu ni 6.25.

Ugonjwa uliowasumbua basenji kuliko yote ni Fanconi. Figo hushindwa kurudisha mwilini sukari na virutubisho vingine, vyote vikaishia kwenye mkojo. Mbwa hunywa maji bila kutosheka, hukojoa mno, hukonda. Dalili kwa kawaida huanza akiwa na miaka 4 hadi 8, na kufikia hapo ameshazaa. Wafugaji walibaki kuchovya kijikaratasi kwenye mkojo wa mbwa wao mara kwa mara, wakitafuta sukari, na kilipobadilika rangi habari ilikuwa imeshachelewa.

Mwaka 2007 Chuo Kikuu cha Missouri, Marekani, kilitoa kipimo cha kukadiria nani anabeba jeni ya Fanconi, na mwaka 2011 kikapatikana cha kuitambua yenyewe. Kijiti chenye pamba husuguliwa ndani ya shavu la mbwa, hukaushwa, hutumwa maabara. Jibu ni moja kati ya matatu: hana, anabeba, au ana jeni zote mbili. Anayebeba akipandishwa na asiye nayo, hakuna mtoto atakayeugua. Wakipandishwa wanaobeba wote wawili, kila mtoto ana uwezekano wa asilimia 25 wa kuugua.

Kosa kubwa ni kuwatupa wote wanaobeba. Ukoo ambao tayari ni mwembamba huzidi kukonda, na ugonjwa mwingine uliojificha hupata nafasi. Kipimo kinasaidia kuchagua wenza. Hakiongezi damu mpya. Damu hiyo ilifuatwa Kongo: mwaka 1987 na 1988 wafugaji wa Marekani walikwenda Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, wakarudi na mbwa wa vijijini, na mwaka 1990 chama cha mbwa cha Marekani kikafungua daftari lake la ukoo kwa mbwa 14 wapya. Lilifunguliwa tena kuanzia 2009 hadi 2013. Mbwa ambao mjini wangeitwa koko ndio waliookoa ukoo wa kifahari.

Mtwara pia jambo hili lina maana yake. Anayenunua mtoto wa German Shepherd kulinda geti Shangani anakabiliwa na hatari ya namna hiyohiyo: aina hiyo ya mbwa ina ugonjwa wa uti wa mgongo unaopoozesha miguu ya nyuma uzeeni, na kipimo chake cha vinasaba kipo. Vipimo hivi hufanywa zaidi Ulaya na Marekani, lakini kijiti kikavu husafiri kwa posta. Asiyeweza kugharimia aulize angalau mambo mawili kabla ya kutoa fedha: wazazi wa mtoto huyo ni akina nani, na je, wana undugu?